Taa za omo ya boti zinafifia nikiwasha nyeupe: tafuta kiungo kilichooza, balbu ziache

Swali: Nina boti ya faiba ya futi 24, mashine ya farasi 40. Nabeba abiria Mokowe na Lamu, na mara moja moja naenda Faza nikarudi jua limeshatua. Taa nyekundu na kijani ziko omo, yaani mbele ya boti, katika kisanduku kimoja, nyeupe iko juu ya nguzo upande wa tezi, yaani nyuma. Betri iko tezi pia. Za omo zikiwaka peke yake si mbaya. Nikiwasha nyeupe zinafifia, na boti ikigonga wimbi zinapepesa. Balbu nimebadilisha, fyuzi haijakatika hata siku moja. Fundi alichomoa balbu, akapima kwenye holda, akapata volti 12.4. Akasema umeme unafika, ubaya ni wa balbu, niweke LED. Niweke?

Jibu: Usiweke bado, nahodha. LED zitang'aa, hilo sina shaka nalo, na hapo ndipo penye hatari. Balbu ya kawaida ya wati 10 huvuta karibu ampea 0.8, kwa hivyo zako tatu zikiwaka pamoja zinataka ampea 2.5. LED tatu za wati 2 zinataka nusu ampea tu, na nyingi zimeundwa kufanya kazi hata volti zikishuka mpaka 10. Kiungo kilichooza kikishindwa na ampea 2.5, hiyo nusu ampea kitaipitisha bila shida. Kitaendelea kuoza chinichini mpaka siku kitakapokatika, na siku hiyo taa zote tatu zitazima kwa mpigo, pengine uko katikati ya mlango wa bahari wa Mkanda na boti nyingine inakuja mbele yako. Hizo balbu zinazofifia zinakupa habari. Zisikilize kwanza.

Kipimo cha fundi wako si cha uongo, ila kinajibu swali lingine. Mita ya umeme huvuta mkondo mdogo mno, karibu na sifuri. Balbu ikiwa imechomolewa, hakuna kinachopita kwenye waya, na pasipopita kitu hakuna kinachopotea njiani. Ni sawa na bomba lililojaa mchanga nusu: ukifunga mfereji, nguvu ya maji iko palepale, ukifungua yanachuruzika. Volti 12.4 kwenye holda tupu inakwambia waya haujakatika, basi. Kama waya unaweza kubeba mzigo au hauwezi, utajua pale tu taa inapowaka.

Chukua mfano. Tuseme kuna kiungo kimoja kibovu chenye ukinzani (uzito wa kupitisha mkondo) wa omu 1, na betri ina volti 12.6. Taa mbili za omo zikiwaka peke yake, kiungo hicho kinakula kama volti 1.5, na balbu zinabaki na 11 na ushei. Ongeza nyeupe inayopita kiungo hichohicho: sasa kinakula zaidi ya volti 2, na balbu zote zinabaki na 10.4. Pengo linaonekana dogo, lakini mwanga wa balbu ya waya haushuki sawasawa na volti, huporomoka. Balbu ya volti 12 ukiipa 10.5 hutoa karibu theluthi mbili tu ya mwanga wake, na kwenye volti 9 haifiki hata nusu. Zile wati zilizopotea hazikuyeyuka hewani, zimekuwa joto ndani ya kiungo. Ndiyo maana mara nyingi utakuta plastiki ya konekta imegeuka kahawia upande mmoja.

Maelezo yako yenyewe yameshakata kazi nusu. Kama ubovu ungekuwa kwenye waya wa omo peke yake, kuwasha nyeupe kusingeigusa nyekundu wala kijani. Zinaathiriana, maana yake ubovu uko mahali ambapo mkondo wa taa zote unapita pamoja: vichwa vya betri, fyuzi kuu, waya unaolisha bodi ya swichi, au waya wa hasi kuanzia pale nyaya za kurudi zinapokutana hadi kwenye betri. Au betri yenyewe imechoka. Na kupepesa boti ikigonga wimbi kunaniambia kuna kitu kimelegea, si waya mwembamba tu. Hakikisha kwa jaribio la dakika moja: washa nyeupe peke yake, kisha ongeza za omo. Nyeupe nayo ikififia, tumefika. Isipofifia, rudi kwenye kisanduku cha omo na waya wake. Jaribio hili lifanye mashine ikiwa imezimwa, kwa sababu mashine inayochaji hupandisha volti hadi 14 hivi na kuficha ubovu.

Kabla ya kushika bisibisi: tangi la petroli kwa kawaida nalo huwa tezi karibu na betri, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hukaa ngama, chini kabisa ya boti maji yanapokusanyika, usiuone. Fungua vifuniko vyote upepo upite, yateke maji ya ngama uyamwage nje, na kama unanusa petroli usiguse kichwa cha betri mpaka harufu iishe. Ukitaka kutenganisha betri, toa hasi kwanza. Ukirudisha, hasi iwe ya mwisho.

Utahitaji mita ya kawaida ya dijitali na waya mrefu wa mita 8 wenye klipu kila upande, ili ncha ya mita iweze kufika omo na wewe usitoke ulipo. Weka mita kwenye volti za DC. Taa zote tatu ziwake muda wote wa kupima, balbu zikiwa ndani.

Anza na betri. Gusa risasi yenyewe ya betri, ile nundu, si kichwa cha waya kilichoikumbatia. Betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na 11.8 imekwisha. Kwa mzigo mdogo wa ampea 2.5 betri nzima haishuki sana. Ukiona inateleza chini ya 12 ndani ya dakika chache, ipeleke ikachajiwe na kupimwa kabla ya kulaumu waya wowote. Kisha weka ncha moja juu ya nundu na nyingine juu ya kichwa cha waya cha nundu hiyohiyo. Utarajie sifuri. Ukisoma hata 0.2 kati ya vitu viwili vinavyogusana, umepata mwizi wa kwanza, na dawa yake ni msasa, maji ya moto na spana.

Sasa upande wa kurudi, na naanza nao makusudi. Ncha nyeusi iwe kwenye nundu ya hasi ya betri, nyekundu, kwa ule waya mrefu, kwenye hasi ya holda ya omo, balbu ikiwaka. Namba utakayoiona ndiyo volti zinazopotea njiani kurudi. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya: nundu ya chanya na chanya ya holda. Jumla ya pande mbili isizidi asilimia 3, yaani kama volti 0.36 kwa mfumo wa volti 12. Ukipata 0.2 upande wa chanya na 1.9 upande wa hasi, huna haja ya kufungua swichi wala fyuzi. Acha ncha moja kwenye betri, na ile nyingine uirudishe nyuma kiungo kwa kiungo, kutoka omo kuelekea tezi. Namba itakuwa 1.9, 1.9, 1.8, halafu ghafla 0.1. Ubovu uko kati ya mahali pawili pa mwisho ulipogusa.

Kama mita huna, chukua waya mzima wa milimita za mraba 2.5, uunganishe moja kwa moja kutoka hasi ya betri mpaka hasi ya holda ya omo, taa zikiwaka. Zikichangamka papo hapo, njia ya kurudi imekufa. Jaribio hili ni salama upande wa hasi. Upande wa chanya usilifanye bila fyuzi ndani ya waya huo, kwa sababu ukigusa pasipostahili ni shoti na cheche juu ya petroli.

Kwa nini nashuku hasi? Kwa sababu upande wa chanya mafundi huuheshimu: una fyuzi, una swichi, una rangi nyekundu. Hasi hufungwa mafungu chini ya sakafu, ikasokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Tepu hiyo kwa joto la Lamu huachia gundi ndani ya msimu mmoja, maji ya chumvi yanaingia, na hayatoki tena. Fundi aliyezoea pikipiki au tuktuk ana kosa lingine: amezoea bodi ya chuma kuwa ndiyo njia ya kurudi. Faiba haipitishi umeme, basi anakamata nguzo ya bomba au reli ya kushikia na kuifanya eathi. Taa itawaka, ndiyo, lakini chuma hicho sasa kina mkondo, kikilowa chumvi kinaliwa kwenye skrubu, na mkondo ukipata njia ya kufika majini kupitia mguu wa mashine, utaula mguu huo wa aluminiamu. Kama nyeupe yako inarudisha umeme kwa bomba la nguzo, hilo liondoe hata kama si chanzo cha kufifia. Kila taa iwe na waya wake wa kurudi.

Upande wa chanya nao ukikusomea vibaya, mshukiwa wa kwanza ni kishikio cha fyuzi ya glasi, kile cha kukaza kwa kuzungusha. Fyuzi haijakatika, kweli, lakini ncha zake zimefanya utando na springi ndani imelegea kwa kutu. Kipime fyuzi ikiwa ndani na taa zikiwaka, ncha moja kila upande wa kishikio. Kisha kitupe tu, hata kikisoma vizuri, uweke kile cha fyuzi bapa chenye kifuniko cha mpira, kisizidi sentimita 18 kutoka betri. Fyuzi ya ampea 5 yatosha. Kazi yake ni kulinda waya usiungue, si kulinda balbu, kwa hivyo kuweka ya ampea 20 «isikatike katike» ni kuweka utambi kando ya petroli.

Ukikifikia kiungo kibovu, kata waya na utazame nyuzi zake. Unga wa kijani unaonekana kwa wote, ila weusi ndio mbaya zaidi. Shaba nyeusi haishiki lehemu na haibaniki vizuri. Menya sentimita moja zaidi, tazama, menya nyingine. Maji ya chumvi hupanda ndani ya ganda la waya kati ya nyuzi, na mara nyingi weusi umeenda mbali kuliko unavyodhani. Ukimenya shibiri moja na bado ni nyeusi, toa waya wote. Kuunga waya mpya juu ya shaba nyeusi ni kujitafutia kazi hiyohiyo kabla msimu wa kusi haujaisha.

Waya wa kununua ni wa nyuzi nyingi uliopakwa bati, nyuzi zake ni nyeupe kama fedha, si nyekundu. Waya wa nyumba wenye shaba moja nene usiuguse: mtikisiko wa mashine huuvunja ndani ya ganda na kwa nje hauonekani. Na kuna waya wa bei rahisi ambao ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Ukwaruze kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, uache dukani. Ukikosa wa bati Lamu, agiza Mombasa. Ukilazimika kutumia shaba ya kawaida, basi iwe ya nyuzi nyingi na miisho yake izibwe barabara, ukijua utaibadilisha mapema.

Unene, kwa boti yako: kutoka betri hadi omo ni kama mita 7, na kurudi 7, jumla 14. Waya wa milimita za mraba 0.75, ambao ndio huwekwa mara nyingi kwa sababu ni rahisi kupitisha, kwa taa mbili za omo hupoteza volti 0.6 hata ukiwa mpya kabisa. Wa 1.5 hupoteza 0.3, unapita kwa shida. Wa 2.5 hupoteza 0.2. Chukua 2.5 wenye nyaya mbili ndani ya ganda moja, mita 16 zitakutosha kwa omo na nguzo pamoja na akiba. Ongeza baa ndogo ya shaba yenye skrubu kwa ajili ya hasi zote, vichwa vya waya vya duara ishirini hivi, na mpira wa kusinyaa kwa joto ule wenye gundi ndani. Baa hiyo ifunge juu chini ya meza ya usukani, si ngama.

Vichwa vya waya vina rangi: nyekundu ni vya waya hadi 1.5, bluu 1.5 hadi 2.5, manjano 4 hadi 6. Usivibane kwa plaisi ya kawaida, itaponda tu bila kushika. Tumia koleo lake. Ukishabana, vuta kwa nguvu ya mkono. Kikichomoka sasa, shukuru. Kisha vuta mpira juu yake na uupashe moto mpaka gundi itokeze pande zote mbili, kwa moto wa hewa, na kazi ya moto ifanyie nchi kavu au petroli ikiwa mbali. Kulehemu peke yake sikushauri: lehemu hupanda kwenye nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo waya unapokatika kwa mtikisiko. Na silikoni inayonuka siki usiipake kwenye kiungo cha umeme hata kidogo. Hiyo harufu ni asidi, nayo hula shaba. Grisi au vazelini nyembamba juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa inatosha.

Ukiupitisha waya, ufunge kila baada ya nusu mita au chini yake, na kabla haujaingia kwenye kisanduku cha taa ushuke kwanza chini kisha upande, ili maji yanayofuata waya yadondoke pale chini badala ya kuingia ndani. Kisanduku cha omo kifungue pia. Vijiti vya kushikia balbu visugue kwa msasa laini mpaka ving'ae, uvikunje kidogo vikaze. Kioo kilichofifia kwa jua hakiponi kwa umeme wowote, kibadilishe.

Kuna jambo moja la mashine. Baadhi ya mashine za kuvuta kwa kamba zina koili ya taa inayotoa umeme wa AC usiosawazishwa, na volti zake hupanda kadiri unavyofungua mafuta. Taa zikiungwa moja kwa moja hapo, balbu zitaungua kwenye mwendo wa kasi na LED hazitadumu. Pima waya unaotoka kwenye mashine kwa mita ikiwa kwenye AC. Kama kuna umeme, unahitaji rektifaya yenye regyuleta, kifaa cha kugeuza AC kuwa DC na kuzuia volti zisipande, kabla haujafika kwenye betri. Na kamwe usitenganishe betri mashine ikiwa inaunguruma.

Baada ya hayo yote, LED ni jambo zuri, kwa sababu betri yako itapumua. Lakini usitie LED nyeupe ya bei ya chini nyuma ya kioo chekundu. Mwanga wake una wekundu kidogo, utatoka hafifu na rangi si rangi. Chukua LED nyekundu kwa kioo chekundu na ya kijani kwa kioo cha kijani, au afadhali taa nzima iliyotengenezwa kuwa LED. LED haiwaki ukigeuza chanya na hasi, basi usikimbilie kuirudisha dukani. Ukiwa na redio ya VHF, fungua chaneli 16, punguza kizuizi cha kelele (squelch) mpaka usikie mchachato, kisha washa na uzime taa. Mchachato ukibadilika, LED hizo zinaisumbua redio, na utakosa kusikia mtu akiomba msaada.

Swichi nayo. Kwa kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972, chombo cha mashine kisichofika mita 12, kikiwa safarini, chaweza kuonyesha nyeupe ya pande zote pamoja na nyekundu na kijani. Kikitia nanga huonyesha nyeupe peke yake. Msamaha wa kubaki na nyeupe tu safarini ni wa chombo kisichofika mita 7 na ambacho mwendo wake wa juu hauzidi noti 7, na wewe kwa futi 24 na farasi 40 huumo. Kwa hivyo unahitaji swichi ya njia tatu yenye nguzo mbili ndani, yaani kama swichi mbili zinazosogea pamoja: mbele taa zote, katikati zima, nyuma nyeupe tu. Mafundi wengi huweka ya nguzo moja na kuunga pande mbili kwa kipande cha waya. Matokeo ni kwamba nyekundu na kijani huwaka hata umetia nanga, na anayekuja anadhani unatembea.

Nyeupe iwe juu ya nyekundu na kijani kwa mita 1 au zaidi, na turubai au abiria aliyesimama wasiizibe.

Kazi ikiisha, subiri giza, tia boti nanga karibu na pwani, na umwombe mwenzako aizungushe polepole kwa kamba huku wewe uko nchi kavu na taa zote zinawaka. Omo ikikuelekea sawasawa uone rangi mbili pamoja. Ikigeuka kidogo, moja ipotee. Ukiangalia omo kutoka usukani, nyekundu iwe kushoto kwako na kijani kulia, kila moja ikimulika kuanzia mbele kabisa hadi nyuzi 22.5 nyuma ya ubavu. Ukiziona zote mbili kutoka ubavuni, kizuizi cha katikati ya kisanduku kimetoka au kisanduku kimefungwa upande. Kisha pima tena volti kwenye holda ya omo taa zote zikiwaka, na uiandike namba hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika ndani ya kifuniko cha bodi ya swichi. Mwakani ukipima na kukuta imeshuka kwa nusu volti, utajua pa kuanzia.

Ndani ya boti weka balbu tatu, fyuzi nne za ampea 5, na tochi nyeupe yenye nguvu. Tochi ikae mkononi mwa usukani, si chini ya jaketi za kuokolea.